Chafya za Mama Tony

Rael alikuwa ameinama kumimina chai kwenye kikombe cha mwenyekiti wa Jumuiya ya kanisa chafya ilipomjia. Aligeuka upande, akaibana pua kwa bega, lakini wapi. Ilitoka, ikafuatwa na nyingine na nyingine tena, mpaka birika likamcheza mkononi na chai ikamwagika mezani. Alipoinua uso, macho yalikuwa mekundu, yamevimba, yanatiririka machozi, na akina mama wote waliokuja kusali walikuwa wanamtazama yeye.

"Mnisamehe," alisema. "Ni homa tu."

"Homa gani haitoki?" Beverlyne aliuliza. Beverlyne alikuwa mke wa Stanley, shemeji mkubwa wa Rael, na hakuwa mtu wa kuacha neno lipite. "Tangu mwezi uliopita ni homa, homa. Si hata homa huwa inachoka?"

Aliyecheka ni Tony peke yake. Alikuwa amesimama kwa kushika kiti, maana kutembea bado, na kwake yeye chafya za mama yake zilikuwa mchezo mtamu kuliko yote. Kila Rael alipopiga chafya, mtoto alirusha kichwa nyuma na kucheka mpaka mate yakamtoka.

Wale mama walisali, wakaimba, wakashukuru kwa makaribisho, wakaaga. Rael alipoanza kukusanya vikombe alikuta vyote vimejaa. Chai ya maziwa, jamani, yenye tangawizi, imeganda utando juu, hakuna aliyeigusa. Matusi angeyavumilia. Aliibeba ile trei hadi nyuma ya jiko, akamwaga kikombe kimoja baada ya kingine huku analia.

Aliporudi, mama mkwe wake Marcella alikuwa amempakata Tony.

"Kuanzia leo mtoto atalala kwangu," Marcella alisema.

"Bado ananyonya, Mama."

"Najua. Mimi sikuchukii, Rael, Mungu ananiona. Lakini nimezika watoto, na huyu sitamzika nikiwa natazama."

Kosa la Rael lilijulikana boma zima. Yeye alizaliwa kwa Wakuria, huko Kehancha, ambako kwa baba yake mvua ikinyesha mwenye jembe analima. Mwaka huo, tisini na tano, ndipo yeye na mumewe Caleb walipohama Migori mjini kuja kukaa nyumbani, karibu na Rodi Kopany. Mvua ya kwanza iliponyesha, akachukua mbegu akapanda mistari kadhaa ya mahindi nyuma ya jiko lake, akiona fahari kwamba hata jirani hajaanza. Kumbe kwa Wajaluo wa pale mama mwenye boma ndiye anayetia mbegu ya kwanza ardhini, anafuata mke wa mwana mkubwa, ndipo wa mdogo. Anayeruka zamu anajiletea chira, ile laana inayomkondesha mtu, hata na mtoto wake, na kumdhoofisha asisikie dawa. Hakuna aliyemwambia Rael, kwa sababu hakuna aliyedhani kuna mtu mzima asiyelijua jambo hilo.

Na mahindi ya Rael ndiyo yaliyotangulia kutoa maua. Siku yalipotoa maua, Rael akaanza kupiga chafya. Sasa hebu niambie, wewe ungekuwa Marcella ungefikiri nini?

Caleb alitengeneza baiskeli pale sokoni Rodi Kopany, na jioni hiyo alirudi mikono ikiwa na grisi mpaka kwenye viwiko. Alinawa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hakuuliza mtoto yuko wapi, Rael akajua wameshazungumza naye.

"Baba Tony, sema jina lake."

"Jina la nani?"

"La huo ugonjwa mnaonong'ona. Wiki nzima unalala chini kwenye mkeka. Unaogopa kitanda au unaniogopa mimi?"

"Nani amesema naogopa?" Caleb alijifuta mikono kwenye suruali ileile aliyotoka nayo kazini. "Mama anasema chira. Watu wa sokoni wanasema ni ule ugonjwa mpya, usio na dawa. Mimi naona ni malaria. Kesho twende dispensari."

"Na kama si malaria?"

"Itakuwa malaria," alisema Caleb, kwa sauti ya mtu anayeomba.

Dispensari, daktari alimuuliza Rael kama kichwa kinauma. Akajibu kinauma kidogo, hapa juu ya macho. Malaria, daktari akasema, na nani angemlaumu wakati benchi lote lilikuwa la malaria? Akampa klorokwini, na pamoja nayo vidonge vidogo vya njano. "Hivi ni vya kuzuia kujikuna," alisema. "Wengi wakimeza klorokwini wanawashwa. Meza vyote."

Walipofika nyumbani walimkuta mzee wa manyasi ameshakaa kitini, na kibuyu chake cha mitishamba ya kuondoa chira kiko miguuni. Caleb na Rael walikunywa humo wote wawili, mume akianza, mke akifuata. Ilikuwa chungu ajabu. Kisha Rael akaenda kumeza vidonge vyake, mchanganyiko huo wote ukakutana tumboni.

Kesho yake alipoamka pua ilikuwa wazi. Macho meupe. Akatembea hadi kwenye mahindi, akarudi, hakuna chafya hata moja.

"Manyasi!" alisema Marcella, akainua mikono juu.

"Dawa ya malaria," alisema Caleb, na usiku huo akarudi kitandani.

Rael hakujali ni ipi. Alipewa mtoto wake mchana, akamnyonyesha, akamwimbia nyimbo za kwao. Shida ilikuwa moja tu, usingizi. Alisinzia jikoni maharagwe yakaungua. Alisinzia kanisani katikati ya mahubiri, kichwa kikamwangukia Beverlyne begani. "Ametoka kwenye ugonjwa ameingia kwenye uvivu," Beverlyne aliwaambia watu nje, na watu wakacheka, hata Rael akacheka nao maana siku hizo alikuwa na furaha.

Vidonge vikaisha. Asubuhi moja alikuwa anaanika nepi za Tony kwenye kamba iliyopita kandokando ya mahindi, chafya ikamjia ghafla. Akaziba mdomo, akatazama huku na huku kama mwizi. Ikaja ya pili. Kufika saa sita macho yalikuwa yamefumba kwa uvimbe.

"Malaria imerudi," alisema Caleb, sauti ikiwa imempungua. Alikimbia dukani akanunua klorokwini. Vile vya njano havikuwapo dukani, naye hakuviulizia, kwa nini aulizie dawa ya kujikuna wakati mtu anapiga chafya?

Basi Rael akameza klorokwini tupu. Chafya haikupungua, na juu yake ukaja muwasho, muwasho wa kutoka ndani ya ngozi, viganjani, nyayoni, mgongoni pasipofikika. Alijikuna akashindwa, akaenda kujisugua kwenye nguzo ya ghala huku analia na kupiga chafya. Marcella akatoka nyumbani kwake na Tony kiunoni, akamkuta hivyo.

"Yawa!" alisema Marcella. Akamfunika Tony uso kwa kitambaa.

Siku hiyohiyo kikao kilikaa. Manyasi yamekataa, Marcella alisema, na manyasi hayakatai bure, labda mke ameficha kosa jingine. Rael alisema hana kosa jingine. Stanley alisema aende kwao apumzike, na kila mtu pale alijua maana ya kupumzika. Caleb alitazama chini muda wote.

"Na mtoto?" Rael aliuliza.

"Mtoto ni wa boma," alisema Marcella. "Ukipona urudi umchukue. Usipopona, angalau yeye abaki."

Kehancha, nyumba ya baba yake, mzee Nchagwa, ilizungukwa na tumbaku na malisho ya ng'ombe. Mahindi ya mwaka huo yalikuwa bado magotini, kwa kuwa mzee alimaliza kwanza tumbaku. Rael alilala usiku mmoja tu, akaamka mzima. Mzima kabisa! Hakumeza kitu, hakunywa kitu, na pua ilikuwa imefunguka.

"Huna ugonjwa wewe," Nchagwa alimwambia binti yake. "Wamekuloga huko. Ningekuwa na nguvu ningeenda na mishale."

"Baba, acha."

"Niache nini? Umefika hapa umepona. Sasa ugonjwa uko wapi? Uko kwao!"

Hayo ndiyo aliyoyasema Marcella, ila kwa upande wa pili, na Rael hakujua amwamini nani. Alikuwa amepona, na kupona kwenyewe kukamtisha kuliko ugonjwa. Kama maradhi yalibaki langoni pale Rodi Kopany, basi kweli ardhi ile ilikuwa imemkataa. Maziwa yalimjaa yakamuuma, akaenda nyuma ya zizi kuyakamua yadondoke kwenye mavi ya ng'ombe, na kila tone lilimkumbusha mdomo wa Tony. Akaanza kufikiri kwamba labda mama anayempenda mwanawe ni yule anayekaa mbali naye. Aliwaza hivyo akiteka maji, akawaza hivyo akipika, hadi ukafika wakati ambapo hakuweza tena kusema ni wazo lake au la mama mkwe.

Habari ilikuja na Mwikwabe, jirani mwenye lori la kubebea tumbaku, aliyekuwa amepita Rodi Kopany. "Bwana yako anasema mtoto hali uji," alisema. "Anatema. Anasema uje, akina mama wakitaka wagombe na yeye."

"Amesema hivyo? Caleb?"

"Amesema akiwa anajaza baiskeli upepo, lakini amesema."

Rael hakungoja kufikiri, maana angefikiri angebaki. Alipanda lori la Mwikwabe. Kabla ya kuingia Migori mjini gurudumu likapasuka, wakashuka kando ya barabara, na Rael akaenda kukaa kwenye kivuli cha mahindi marefu yaliyokuwa yamechanua. Upepo ulipita. Unga wa njano ukamwagika kutoka juu, kwenye zile nyuzi za maua ziitwazo mbelewele, ukamtua mikononi na kwenye leso. Akapiga chafya. Akapiga tena, na tena, na macho yakaanza kuwasha.

"Hapana," alisema kwa sauti. "Hapana, hapa si kwa Marcella."

Mwanamke wa Kikisii alikuwa anang'oa magugu mle ndani. Rael alimwita.

"Mama, hili shamba ni la nani?"

"Ni langu. Kwani nini?"

"Ulipanda kwa zamu? Kuna mtu uliyemruka?"

Yule mama akanyooka, akamtazama mgeni huyu mwenye kamasi. "Nilipanda mvua ilipokuja. Zamu ya nini, kuna foleni?" Akaendelea na magugu yake, akitikisa kichwa.

Rael alisimama pale katikati ya chafya, akawa anapanga mambo kichwani na mambo yakawa hayapangiki. Kehancha mahindi hayajachanua, na yeye mzima. Hapa yamechanua, na yeye mgonjwa. Lakini zile siku alizopona palepale nyumbani, mahindi yakiwa yamechanua kila upande? Alikunywa manyasi. Alimeza klorokwini. Klorokwini ya pili haikufanya kitu. Ya kwanza ilikuwa na nini?

Mwenye duka la dawa Migori aliitwa Osoro, mtu mnene mwenye haraka. Rael alimwomba vidonge vya malaria, vile vya njano vidogo.

"Vya njano si vya malaria. Hii piritoni, ya kuzuia muwasho."

"Hiyohiyo. Ndiyo iliniponya chafya."

"Haiponyi malaria, mama, nakwambia."

"Basi huenda sina malaria," alisema Rael, akashangaa kujisikia akisema hivyo.

Osoro alimwangalia vizuri kwa mara ya kwanza, yale macho, ile pua. Akamuuliza inaanza lini, inaisha lini. Akasema ni aleji, mwili unakataa kitu fulani. Kitu gani, hakujua, labda vumbi, labda samaki. Rael akamnyoshea mkono wa gauni, ambao bado ulikuwa na unga wa njano. "Ni hii?"

"Inaweza kuwa hiyo," alisema Osoro. "Wengine wanakataliwa na nyasi, hata ukubwani inaanza, na mahindi ni kama nyasi tu. Sasa sikia. Ujifunge kitambaa puani mahindi yakichanua. Ukitoka shambani uoge, ubadilishe nguo. Usianike nguo karibu na maua. Kidonge meza jioni kwa sababu kinalaza. Kifua kikibana, hapo usikae, nenda hospitali."

"Na itaisha lini?"

"Maua yakikauka. Halafu msimu ujao itarudi."

"Itarudi?"

"Itarudi, mama. Lakini si ya kuua mtu hivihivi. Na wala haiambukizi."

Rael alimwomba aseme hilo neno la mwisho tena.

Alifika langoni jua likiwa bado kali, leso imefungwa puani, vidonge bado viko kwenye karatasi. Kwa makusudi alikuwa hajavimeza, apate kuwaonyesha. Marcella alikuwa sebuleni kwake, anabambua karanga pamoja na Beverlyne, na Caleb alikuwa amekaa mlangoni, siku hiyo hakwenda kazini. Tony alikuwa amelala chumbani. Rael aliusikia usingizi wake, ule mkoromo mdogo.

"Amelala," Marcella alisema, akajisogeza kidogo kuelekea mlango wa chumba. "Umepona?"

"Kwetu nilipona, Mama. Njiani nikaugua tena."

Akasimulia. Alisimulia vibaya, akianzia katikati, akirudi nyuma, akichanganya tumbaku na vidonge na mwanamke wa Kikisii. Alipofika kwenye maua ya mahindi Beverlyne akatupa ganda la karanga chini.

"Mahindi? Sisi wote tunaishi ndani ya mahindi, hakuna anayelia."

"Nimekula mahindi tangu nizaliwe," alisema Marcella.

"Hata mimi nakula, Mama. Kula hakuna shida. Ni ule unga wa maua." Rael alipiga magoti. "Kama ni chira, si ni mahindi ya boma hili tu yatanikataa? Leta ua la shamba lingine. Shamba lolote unalotaka wewe, ambalo hakuna aliyekosea."

 Marcella akasimama, akajitanda leso, akatoka bila kusema anakokwenda. Walimngoja. Caleb alimletea mkewe maji ya kunywa mbele ya watu wote, akamkabidhi kikombe mkono kwa mkono, na Rael aliyapokea bila kumtazama.

Marcella alirudi ameficha vitu ndani ya leso. "Hii nimetoa shamba la kanisa," alisema. "Padri mwenyewe alinyunyiza maji ya baraka kabla ya mbegu. Fungua hiyo kitambaa. Fumba macho. Ukifungua nitajua wewe ni mwongo."

Rael akafumba macho. Kitu kikapita puani pake, mara moja, mara mbili. Hakusikia lolote. Akaanza kuwaza, labda Osoro amekosea, labda ni ardhi. Kumbe Marcella alikuwa anapitisha jani tupu. Aliliweka chini polepole, akatoa mbelewele, akaitikisa.

Chafya ya kwanza ilimpiga Beverlyne usoni. Zikafuata zingine nyingi, machozi, kamasi, mikono ikitafuta leso.

"Sasa Padri naye ana chira?" Caleb aliuliza, na Beverlyne, ambaye alikuwa bado anajifuta, akashindwa kujizuia akacheka kwa kelele.

Marcella hakucheka. Aliketi akalitazama lile ua mkononi mwake. "Sielewi," alisema. "Nilikunywesha manyasi mimi. Mtoto nikakutoa mikononi mimi. Usiku analia, namfunga mgongoni nazunguka naye, najiambia namwokoa. Kama si chira, basi nilikuwa namwokoa na nini?"

 Rael alitaka kumkasirikia, alikuwa ameibeba hasira hiyo tangu Kehancha, sasa alipoitafuta hakuiona vizuri. "Hata mimi nilidhani ni chira, Mama," alisema.

Marcella akasimama, akachukua panga nyuma ya mlango, akaenda nyumbani kwa Rael. Alianza na yale mahindi ya nyuma ya jiko, akafyeka yote, na akaendelea hadi chini ya dirisha na kando ya kamba ya nguo, mahindi yake mwenyewe, yamechanua, yamebeba. Majirani walisimama kwenye ua kumshangaa mama anayefyeka chakula.

"Ng'ombe watakula," aliwajibu. Halafu akamgeukia Rael, jasho likimtoka. "Meza dawa yako. Lakini msimu ujao utapanda wa mwisho, baada yangu na baada ya Beverlyne. Hiyo sibadilishi."

"Ndiyo, Mama."

Kelele zile zikamwamsha Tony. Caleb alimtoa nje amembeba, mtoto amefura kwa usingizi, akimtafuta bibi yake. Rael alikuwa ameshajifunga tena leso puani kama alivyoagizwa, kwa kuwa hewa ilikuwa imejaa unga wa mahindi yaliyokatwa. Akanyosha mikono.

Tony alimtazama yule mtu asiye na pua wala mdomo, akapiga ukelele. Akageuza uso, akamrukia Marcella, akamng'ang'ania shingo kwa mikono miwili.

"Ni mama," Marcella alimwambia. "Tony, angalia, ni mama yako."

Mtoto hakutaka kuangalia.  Rael akaivuta leso ikashuka shingoni, akasogea karibu, akaita jina lake, lakini Tony alizidi kulia, uso umezama begani kwa bibi. Hapo ndipo upepo ulipotoka upande wa yale mahindi. Rael alijaribu kuibana, akaibana kwa bega, akashindwa. Chafya ikamtoka, kubwa, mbele ya boma zima.

Tony akanyamaza. Aliinua kichwa, machozi bado yako mashavuni, akageuka polepole kutazama sauti ile imetoka wapi. Rael akapiga ya pili. Mtoto akarusha kichwa nyuma akacheka, akacheka mpaka mate yakamtoka, kisha akaachia shingo ya bibi yake na kumnyoshea mama mikono.